Sukari ya Kupima Ndani ya Pakiti ya Unga

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kathonzweni, na ninyi mlioshuka kutoka milima ya Mbooni na mliopanda kutoka Mtito Andei, familia inawapa pole kwa msiba huu ambao ni wa sote, na inawashukuru kwa kukubali kukaa kwenye jua, maana mahema ni mawili na watu mmejaa hadi ndani ya ua wa jirani. Historia hii inasomwa na Jonah Kaloki, mdogo wa marehemu, muuza matunda wa Kikima, ambaye ameagizwa aisome polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari hata mmoja, na wanaomjua Jonah wanajua kwamba agizo hilo halikutolewa bure, kwa sababu kuna mistari ambayo angefurahi sana upepo ukiichukua.

Marehemu Damaris Mwongeli Musyimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika kijiji kilicho juu ya soko la Kikima, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Kaloki na mkewe Kathini, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye bidii, mcheshi akiwa nyumbani na bubu akiwa ugenini, na jambo moja lilimshinda tangu utotoni, nalo lilikuwa ni kuomba. Mama yake alipomtuma kwa jirani akaombe chumvi, Mwongeli alizunguka nyumba ya jirani kimyakimya, akachungulia moshi ukitoka jikoni, akarudi na kikombe kitupu akasema hakuna mtu, na siku hiyo nyumba nzima ikala mboga za chukuchuku, huku yeye akizisifu kuliko wote.

Alianza masomo mwaka wa 1975 katika shule ya msingi iliyo karibu na soko la Kikima, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981, akaendelea na sekondari huko huko Mbooni kuanzia Januari 1982 hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1985. Mwaka wa 1986 alipelekwa Machakos kusomea upigaji chapa, akahitimu mwaka uliofuata akiwa na vidole vyepesi kuliko vya wenzake wote, ila ofisi zilizokuwa zikingoja vidole hivyo hazikuwa nyingi, kwa hiyo alirudi Kikima, na tarehe 4 Aprili 1988 akaajiriwa katika duka moja la jumla pale sokoni. Humo ndimo alimojifunza biashara, kupima bila kuzidisha wala kupunja, kufunga mzigo ukafungika, na kumjua mteja anayetaka kununua na yule anayetaka tu kivuli.

Humo ndimo pia alimokutana na Mwalimu Gideon Musyimi, kijana nadhifu kutoka Kathonzweni aliyekuwa ameletwa kufundisha Mbooni, ambaye alianza kununua kiberiti kila jioni, na kwa kuwa hakuvuta sigara na chakula alikula kwa mwenye nyumba, haikuchukua muda kabla ya soko zima kufahamu kwamba kuna kitu kingine anachotaka kuwasha. Mazungumzo ya wazee yalifanyika pande zote mbili kwa utaratibu wake, na Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990 wakafunga ndoa takatifu kanisani Kikima, Mwalimu akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa ambayo bado inatajwa, kisha bibi arusi akashuka naye kuja huku chini kwenye joto, ambako, kama alivyozoea kusimulia mwenyewe akicheka, alilia wiki nzima alipoambiwa kwamba maji ya kuoga ndiyo hayo hayo ya kupikia.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Yvonne Kanyiva, aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1992, ambaye anafanya kazi Nairobi, na Mwau, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1996, ambaye yuko Mtito Andei, kwenye karakana ya malori iliyo kando ya barabara ya Mombasa. Ni kutokana na Yvonne kwamba watu wote hapa, wakubwa kwa wadogo, walimwita marehemu Mama Yvonne, na wengi wenu mmelisikia jina Damaris leo asubuhi kwa mara ya kwanza.

Tarehe 5 Juni 2006 Mwalimu alimfungulia mkewe duka hapa sokoni Kathonzweni, duka la mawe lenye milango miwili ya buluu, na juu ya milango hiyo akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za ubaoni, kwamba hapa panauzwa kwa jumla na rejareja. Lilikuwa duka lenye heshima. Unga ulikaa kwa marobota, sukari kwa magunia, mafuta ya kupikia kwa madebe, na Mwalimu akitoka shuleni aliketi kwenye kiti chake pale nje, akasalimiwa na kila anayepita, na mkewe ndani akauza, na kwa miaka mingi mpango huo uliwafaa wote wawili.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mmoja wetu hapa anaijua. Mwaka wa 2020 masoko yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa, mwaka huo huo Mwalimu akastaafu, mvua ikakataa, ikakataa tena, pojo zikakauka zikiwa na maua, na tulipodhani tumemaliza, bei ya unga, ya mafuta ya taa na ya nauli ikapanda na kusahau kushuka. Mtu aliyekuwa akinunua pakiti akaanza kuulizia nusu, wa nusu akaulizia robo, na wa robo akasimama mlangoni akitazama rafu kwa muda mrefu, halafu akaondoka akisema amesahau kitu nyumbani.

Mwongeli aliliona hilo mapema kuliko wenye maduka wengine, akafanya mambo mawili. La kwanza, aliwashawishi wenzake watatu wa hapa sokoni waache kila mmoja kukodi gari lake kwenda Emali kuchukua bidhaa, waende kwa pikapu moja, wanunue pamoja kwa bei ya mzigo mkubwa na kugawana wakirudi, jambo ambalo wenye maduka huwa hawafanyi kwa sababu kila mmoja hataki mwenzake ajue anachukua nini, lakini walifanya, na mmoja wao, Bi Ndila, amesema wazi kwamba bila mpango huo angekuwa amefunga. La pili, alianza kuuza vitu kwa vipimo vidogo sana, majani ya chai ya kuchemsha mara moja, sukari ya vikombe viwili, mche wa sabuni uliokatwa kwa uzi vipande vipande, na mafuta ambayo mteja alikuja na chupa yake mwenyewe apimiwe. Karatasi za kufungia alizipata kwa urahisi, maana nyumbani kulikuwa na rundo la madaftari ya zamani ya Mwalimu, ya maandalio ya masomo ya tangu wakiwa Mbooni, na sukari ikawa inatoka dukani imefungwa ndani ya historia na jiografia.

Biashara hiyo ilimwokoa, kwa sababu shilingi kumi za watu wengi zinajaza droo, lakini Mwalimu haikumfurahisha. Alikuwa amestaafu naibu mwalimu mkuu, alikuwa mzee wa kanisa, na alipopita akaona foleni ya kina mama wenye vichupa mbele ya milango yake ya buluu, alivuka barabara kana kwamba duka ni la mtu mwingine. Siku moja ya soko, mwezi wa Septemba 2022, alikuja na wenzake wawili wastaafu kutoka mjini Wote, aliokuwa amewaahidi soda, akakuta foleni imefika nje, na mbele kabisa amesimama jirani yetu Mbinya, ameshika kichupa kilichokuwa cha dawa ya kifua, akingoja kupimiwa mafuta. Mwalimu akaingia, akasema kwa ile sauti ya mbele ya darasa, "Mama Yvonne, hii ni duka ama ni jikoni? Bibi ya mwalimu anauzia watu sukari na kijiko?" na kabla hajajibiwa akachukua beseni la vifurushi vilivyokwisha fungwa, akavifungua kimoja kimoja, akamimina sukari ndani ya gunia, na karatasi nyingine zikaanguka humo humo.

Kina mama waliingiza chupa zao chini ya leso, wakatoka mmoja mmoja, na Mbinya, ambaye ametoa ruhusa hili lisomwe, akatoka wa mwisho bila mafuta, akapita mbele ya wale wageni wawili waliokuwa wakitazama chini, na jioni hiyo watoto wake walikula kande bila kukaangwa. Mwongeli naye aliinama juu ya gunia, akaanza kuokota karatasi ndani ya sukari, akazikung'uta, akazinyoosha juu ya meza, na alipomaliza akawapelekea wageni wa mumewe soda.

Baada ya siku hiyo wateja walipotea. Si kwamba walipata pesa, la, walikuwa wakienda hadi vijiji vya mbali kununua mahali wasipojulikana, na wengine walinyamaza tu wakanywa uji usio na sukari. Mwongeli alikaa nyuma ya meza akifikiri, akafikia neno ambalo alimwambia Bi Ndila peke yake, kwamba hawa watu hawaoni haya kununua kidogo, wanaona haya kuonekana. Basi akaanza kukusanya pakiti tupu za unga, zile za kilo mbili, alizipata kwa wauza chapati na kwa wapishi wa shule, akazichagua zisizo na matundu, na mteja alipokuja aliingizwa mlango wa pili, akapimiwa sukari yake ya shilingi kumi na majani yake ya shilingi tano, vikawekwa chini kabisa ya pakiti, juu yake zikajazwa karatasi zilizofinyangwa, na pakiti ikakunjwa mdomo na kubandikwa kwa uji wa unga hadi ikawa kama imetoka kiwandani asubuhi ile.

Wateja wakarudi. Walipita katikati ya soko na pakiti mkononi, wakasalimia watu kwa utulivu, wengine hata wakasimama kupiga stori, na siku nyingine walipokuja tena waliirudisha pakiti ijazwe upya, hivyo kuna pakiti zilizozunguka Kathonzweni hii mwaka mzima bila kuona unga. Ilifika mahali kina mama wawili wakikutana njiani na pakiti zao kila mmoja anampongeza mwenzake kwa kufanya soko, na wote wawili wanajua. Mbinya alipopata ugeni wa mama mkwe kutoka Kitui alimwomba marehemu kwa sauti ya chini, "Mama Yvonne, leo unifungie ile kubwa kabisa," naye akamfungia pakiti mbili, moja ikiwa ya magazeti matupu, na mama mkwe akarudi Kitui akisifu kwamba mwanawe ameoa nyumba yenye chakula.

Familia inasema hayo kwa sababu tulikuwa tukicheka marehemu alipotusimulia, na tungetaka hata ninyi mcheke kidogo, lakini inasema pia kwa sababu ya jambo lililofuata, ambalo hatukuliona. Zile pakiti ziliwadanganya wengi, na waliodanganyika kuliko wote walikuwa wa nyumba yake. Mwalimu aliketi tena kwenye kiti chake, akaona watu wanatoka dukani na pakiti nzima nzima, akawaambia wazee wenzake kwamba biashara imeinuka, na kanisa lilipochangisha mabati mwaka wa 2023 alisimama akaahidi kwa niaba ya nyumba yake mabati ambayo hata wenye magari hawakuthubutu kuyaahidi. Mwau aliposikia duka limeinuka alimwomba mama amsaidie na vifaa vya karakana. Yvonne aliposikia, aliomba mama amwongezee pesa za kuhamia nyumba mpya. Jonah mwenyewe, anayesoma, hakurudi Kikima hata mara moja bila sukari na mafuta ya bure, na hizo hazikuwa za kupima. Mwongeli alimpa kila mmoja alichotaka, akatabasamu, na hakumwambia yeyote kwamba hakuna kitu ndani ya duka hilo zaidi ya uangalifu wake.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwezi wa Novemba 2019, akapewa dawa na kuambiwa azimeze kila siku maisha yake yote. Tulimwona akizimeza, tukaridhika, tukaacha kutazama. Mwaka jana alianza kulalamikia kichwa, akafunga kitambaa kipajini, akasema ni jua la Kathonzweni. Jumanne tarehe 29 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akimfungia Mbinya vitu vyake, mkono wake wa kulia uliachia pakiti, akajaribu kuiokota na mkono ukakataa, akaketi chini polepole, maneno yakiwa hayatoki sawasawa, na Bi Ndila akaleta ile pikapu yao ya Emali akampeleka hospitali ya Wote pamoja na Mwalimu.

Madaktari walimpokea bila kuchelewa. Mmoja wao alimwuliza Mwalimu kama mgonjwa amekuwa akimeza dawa zake kila siku, naye Mwalimu akajibu, akiwa amesimama wima na kofia mkononi, "Daktari, huyu mama ako na duka. Dawa haiwezi kosekana kwa nyumba yangu," na daktari akaandika hivyo. Kila kilichowezekana kilifanyika, lakini mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, na Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, saa tano asubuhi, Mwongeli akalala, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Historia ya marehemu kwa kawaida huishia hapo, na ingekuwa ni hiari ya Jonah ingeishia hapo. Lakini Jumanne iliyopita, tarehe 6 Mei, alasiri, watu wakiwa wamekaa matangani, alikuja msichana mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Shiru, mwenyeji wa Murang'a, anayeuza dawa katika duka moja dogo kule Wote. Alitoa pole, akapewa chai, akakaa na kina mama, na baada ya muda akasema kwa adabu kabisa, "Kuna kitu nilikuwa nauliza. Mama Yvonne alikuwa anachukuliaga shosho mmoja wa hapa dawa ya pressure, mbili mbili, tatu tatu, alisema huyo shosho hana watoto na anaona aibu kuja. Sasa nani atakuwa akimchukulia? Sitaki huyo shosho akose."

Kina mama walianza kuulizana ni bibi kizee gani huyo, wakataja huyu na yule, lakini huyu ana watoto watano, na yule huchukua dawa zake hapa kwenye zahanati. Mbinya ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaweka kikombe chini. Mwalimu alikuwa upande wa wanaume na alikuwa amesikia, akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mkoba wa mkewe, akatoa ndani yake vipande vya karatasi ya vidonge, vimekatwa kwa makasi, viwili viwili, vitatu vitatu, akamwuliza msichana kama dawa ni hizi. Shiru akasema ni hizi. Mwalimu akamwambia, "Basi huyo shosho tunamzika Jumamosi," akaketi chini pale pale alipokuwa, miongoni mwa kina mama, na hakuna aliyemwinua.

Tumepanga mambo yote baada ya hapo, na yanapangika vizuri kuliko tulivyotaka. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2023 Mwongeli alikuwa akijinunulia dawa kwa kipimo kile kile alichowauzia watu sukari. Alikuwa akimeza leo, kesho akiruka, na baadaye akimeza pale tu kichwa kilipomsumbua, ili mabati ya kanisa yapatikane, karakana ipate vifaa, Yvonne ahame, na droo isikauke. Zahanati iko hapa karibu, lakini kwenye benchi la zahanati wanakaa wateja wake, wale wale aliowafichia umaskini wao, naye angewezaje kukaa katikati yao na wao wanamwona kuwa ndiye mwenye kitu. Kule mjini Wote alikwenda akamtunga mzee asiyekuwepo, akamwombea mzee huyo dawa, kwa sababu kujiombea mwenyewe hakuweza.

Familia ilibishana kama maneno haya yasomwe mbele za watu. Yvonne alitaka yasomwe, Mwau akasema mama yake hakuishi kwa kujificha hivyo ili aje avuliwe nguo siku ya mwisho, Jonah akawa upande wa Mwau, na tukageuka kumtazama Mwalimu, tukijua jinsi anavyolinda jina lake. Akasema, "Isomwe yote, na ile ya beseni isomwe," na kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, imesomwa. Ameketi hapa mbele, na anayetaka kumtazama amtazame, ingawa kwa kweli hakuna anayestahili kumtazama yeye peke yake, maana sote tuliopokea kutoka kwa mkono ule tuko chini ya hema hili, na uso hatuna.

Yvonne ameomba jambo moja litajwe, kwamba kuna watu wanaosikiliza sasa hivi ambao wanagawanya vidonge kama mama yake, na anawajua kwa nyuso zao tangu neno hili lilipoanza kusomwa. Hatawataja. Anawaomba tu waambie mtu mmoja wa nyumbani kwao kabla jua halijazama, na huyo mtu akiambiwa asijibu kwa sauti ya mbele ya darasa.

Familia inatoa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya Wote, waliohangaika usiku na mchana kwa mgonjwa ambaye waliambiwa habari zisizo za kweli juu yake, na inawaomba radhi kwa hilo. Inamshukuru Shiru, aliyelia hapa hadi akaugua, na inamwambia mbele ya wote kwamba hana kosa. Inawashukuru Bi Ndila na wenye maduka wote wa soko la Kathonzweni, waliofunga milango leo katika siku yao ya kuuza, kina mama waliopika na kuteka maji, kanisa, wachungaji, walimu wastaafu wenzake Mwalimu, na wafanyakazi wenza wa Yvonne na wa Mwau waliosafiri kutoka mbali.

Inawashukuru kwa namna ya pekee ninyi mliochanga. Jioni ile ile ya tarehe 2, Yvonne alifungua kundi la WhatsApp la mazishi, akaandika bila kusitasita kwamba familia inahitaji msaada wa jeneza, gari, mahema na chakula, Mwalimu akawa wa kwanza kabisa kuandika jina lake, sote tukapiga simu kwa marafiki na kwa watu tusiokuwa tumesalimiana nao miaka, tukaomba, tukakumbusha, tukaomba tena, na kabla ya Jumapili kila kitu kilikuwa kimepatikana na kingine kimebaki. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona haya kuomba. Jeneza mnaloliona hapa ni la mti mzuri sana, na sisi tuliolinunua tunashindwa kuliangalia.

Mwongeli, binti ya Kaloki, dada, mke, mama wa Yvonne na wa Mwau, hukutuomba, nasi hatukukuuliza. Pumzika sasa, upumzike kwa amani.